Mpaka Harusi Iishe

Harrow, 14 Januari 2024

Wifi yangu Sheikha,

Nakusalimu wewe, mdogo wangu Talib, na huyo mtoto wenu. Utashangaa kupata barua ya mkono kutoka kwangu ilhali simu ninayo. Sababu unaijua. Mwaka jana nilimtumia shoga yangu sauti moja ya siri, na kabla sijamaliza chai ilikwishazunguka makundi matatu, watu wa Muscat wananipa pole. Tangu siku ile mambo ya nyumba yangu nayatia ndani ya bahasha.

Jambo lenyewe ni la heri. Binti yangu Thuwaiba amepata mchumba. Kijana anaitwa Musab, mhasibu, wazee wake watu wa Mkunazini, sasa wako Milton Keynes. Ila mama yake ni mwanamke wa kuchunguza. Kabla ya kuleta posa anataka kujua babu zetu walikufa na nini. Thuwaiba ana miaka ishirini na tisa, na posa mbili zimesharudi zilikotoka. Ya kwanza walisema marehemu baba yake alikuwa na kifafa. Ya pili hawakusema kitu, na hiyo ndiyo iliyoniuma zaidi.

Sasa naambiwa Ghalia ameonekana huko Thornton Heath anasukumwa kwenye kigari. Mtoto wa miaka sita! Goti limevimba, mkono umefungwa banzi. Nikamuuliza Talib, akaniambia ati ana baridi yabisi. Sheikha, nilicheka. Baridi yabisi ni maradhi ya vikongwe. Mtoto akilalamika magoti ujue amedekezwa, na anayemdekeza ni wewe.

Mkande kwa maji ya moto na mafuta ya karafuu, umsimamishe, atembee. Na nieleze wazi ni kitu gani hicho. Kwetu hakipo. Angalia kwenu.

Wifi yako mkubwa,
Zuwena


Thornton Heath, 21 Januari 2024

Shikamoo dada Zuwena,

Hongera kwa Thuwaiba. Mungu aitimize. Nilimpenda binti yako tangu siku ya kwanza niliyofika nchi hii, yeye ndiye aliyenionyesha namna ya kupanda basi.

Umeniuliza, nakujibu. Ni baridi yabisi kweli, ila ni ile inayowashika watoto. Madaktari wanasema kinga ya mwili wake imegeuka, inapigana na viungo vyake mwenyewe. Hawajui sababu. Nimewauliza ikiwa imetoka kwangu au kwa Talib, wakasema tusitafute wa kumlaumu.

Dada, hujamwona asubuhi. Anaamka mwili umekaza, hawezi kukunja goti wala kushika mswaki. Ngazi anashuka kwa makalio, kidato kimoja kimoja, na ananikataza nisimbebe kwa sababu anaona haya. Ikifika mchana analegea kidogo na anacheza, ndiyo maana watu wanasema anajifanya. Mwalimu wake wa Kurani naye alidhani hivyo, akamlazimisha kukaa chini na wenzake, na alipotaka kusimama hakuweza.

Kila Ijumaa namchoma sindano mwenyewe hapa nyumbani. Anatapika mpaka Jumamosi. Talib husema ana kazi, huondoka, lakini namwona kwa dirisha amekaa ndani ya gari.

Kuna jingine. Maradhi haya huingia machoni. Huingia kimyakimya, jicho haliwi jekundu wala haliumi, mtoto mwenyewe hajui. Kwa hiyo kila baada ya miezi mitatu lazima apelekwe kliniki ya macho, anaweka kidevu kwenye mashine, daktari anamulika ndani. Mara ya mwisho macho yalikuwa salama, alhamdulillahi. Tunarudi Februari. Nesi wetu Noëlla, Mkongomani, ananisisitizia jambo hilo kuliko hata sindano.

Nimekuandikia yote kwa sababu nimechoka, dada, na nyumbani sina wa kumwambia. Mficha maradhi kifo humuumbua. Sitaki kuficha.

Mdogo wako,
Sheikha


Harrow, 3 Februari 2024

Sheikha,

Barua yako nimeisoma, kisha nikaichana. Hutaki kuficha? Umezaa binti mmoja, wa miaka sita. Siku wakwe watakapokuja kwako utajifunza.

Sikiliza vizuri. Umenitajia kliniki ya macho bila kujua umetaja nini. Hospitali hiyo hiyo, mapokezi ya kliniki hiyo hiyo ya macho, anakaa Bi Salma, dada yake mama Musab. Yeye ndiye jicho la familia. Siku utakayomwingiza Ghalia pale anachechemea, atamwita kwa jina lake kamili, na jina lake la mwisho ndilo langu mimi. Jioni habari zitakuwa Milton Keynes: ukoo wa Thuwaiba una maradhi ya mifupa yanayopofua watoto. Nani atakayeoa hapo?

Sikwambii usimtibu. Sindano mpige, ni ndani ya nyumba yako, hakuna anayeona. Lakini kliniki ya macho iache mpaka harusi iishe. Macho ya Ghalia ni mazima. Alipokuja kwangu Krismasi aliniokotea sindano ya kushonea juu ya zulia, mimi mwenyewe nimeshindwa kuiona. Unaogopa kitu ambacho hakijafika.

Na umfundishe mtoto. Akiulizwa na yeyote ana nini, awe anaumwa mguu, mkono au kichwa, jibu ni moja: sijambo, alhamdulillahi. Basi. Mpaka harusi iishe.

Talib nimekwishazungumza naye. Mimi ndiye niliyemlea baada ya mama yetu kurudi Pemba, na hajawahi kunikatalia neno. Tumekubaliana kwamba ukikaidi, mtoto atakwenda Wete kwa bibi yake akapate jua, akandwe, anywe kombe la maji ya aya, akae huko. Pasi ya Ghalia anayo Talib, usiitafute. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na la mwanao limekwishavunjika.

Nakutakia afya,
Zuwena


Thornton Heath, 10 Februari 2024

Shikamoo dada,

Nimetafuta pasi. Haipo.

Nimemuuliza Talib kama kweli atamtoa mtoto kwenye sindano ampeleke mahali ambapo hakuna daktari wa maradhi yake. Alisema tu, "Dada anajua." Mwanamume mzima, dereva wa basi la ghorofa mbili, abiria wote wale wako mikononi mwake, na kwako wewe hana usukani.

Basi nimepiga simu kliniki ya macho. Nimewaambia tunasafiri. Wakaniuliza lini tutarudi, nikasema nitapiga tena.

Ghalia nimemfundisha. Alinijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba ule utakuwa uongo na mwalimu amesema uongo ni dhambi. Nikamwambia si uongo, ni sitara. Akaniuliza sitara ni nini. Nikamwambia ni kumsaidia dada Thuwaiba apate gauni jeupe. Hapo alikubali haraka, akalirudia jibu mpaka akalala. Dada, nakuomba kwa haki ya Mungu, harusi isicheleweshwe.

Sheikha


Harrow, 29 Aprili 2024

Sheikha mpenzi,

Leo nina furaha, nitakuwa mwema kwako. Posa imepita! Umeona mwenyewe jana nyumba ilivyojaa. Mama Musab alikula biriani langu akasifu, na mtu yule hasifu. Harusi ni Julai tarehe ishirini. Ukumbi tulioutaka haukupatikana kabla ya hapo, kwa hiyo vumilia.

Ghalia alinifurahisha na kunikera. Goti limepungua, nimeliona, anatembea vizuri kuliko nilivyotegemea. Unaona? Nilikwambia asimame tu. Na mama Musab alipomshika kidevu akamuuliza hajambo, akajibu barabara, "Sijambo, alhamdulillahi," kwa Kiswahili safi, watu wakasema mashallah.

Lakini umemlea mtoto jeuri. Nilimpa chupa ya uturi awapitishie wageni. Alimpita mama Musab aliyekuwa amenyoosha mkono upande wake wa kulia, akampita hivi hivi, kama hakuna mtu. Nilipomrudisha akakanyaga pindo la baibui la mgeni, uturi ukamwagika. Watu walicheka, lakini mimi nilimfinya, nakwambia mapema asije akanichongea.

Mama Musab amemtaka awe miongoni mwa watoto watakaotangulia na sinia la asumini siku ya harusi. Huwezi kukataa. Wakimkosa watauliza. Mpe mazoezi.

Zuwena


Thornton Heath, 7 Mei 2024

Shikamoo dada,

Alama ya kidole chako bado ipo mkononi mwake. Alipoulizwa shuleni ni nini, alisema sijambo.

Naandika kwa jambo jingine. Goti kweli limepungua, sindano imefanya kazi, na mimi nilijidanganya kwamba maradhi yanaondoka. Lakini mwalimu wake ameniita. Anasema Ghalia anasoma pua imegusa kitabu, na akiandika anageuza kichwa. Nyumbani anakaa mbele ya televisheni mpaka namvuta kwa nguo. Nimemuuliza, "Unaona vizuri, mama?" Akaniambia anaona. Nimemtazama macho mchana kweupe karibu na dirisha. Meupe, hayana wekundu, hayatoi machozi. Ndiyo hasa alivyosema Noëlla, kwamba hutaona kitu, na sasa sijui kama kutoona kwangu kitu ni heri au ni shari.

Noëlla amepiga simu mara nyingi. Nimeacha kupokea namba yake.

Niruhusu siku moja tu. Nitampeleka asubuhi, nitamvika barakoa, nitaomba wamwite jina moja tu. Au nipe ruhusa niende hospitali nyingine, hata kama ni mbali. Usipoziba ufa utajenga ukuta, dada. Nakupigia magoti.

Sheikha


Harrow, 11 Mei 2024

Sheikha,

Umpeleke hospitali nyingine, nao wataomba faili lake lilipo, na nani atakayelitoa? Bi Salma. Fikiri kabla ya kushika kalamu.

Watoto wote wa siku hizi wanasoma hivyo, ni hizo tableti. Mnyang'anye. Wa jirani yangu Mama Tushar alikuwa vile vile, leo yuko chuo kikuu.

Talib ameulizia tiketi ya Zanzibar. Sikumtuma, ameulizia mwenyewe, amechoshwa na machozi yako. Neno langu moja linamzuia, na neno hilo nitaendelea kulisema ukiendelea kukaa kimya. Julai si mbali.

Sinia la asumini lisiwe zito. Unaona namfikiria.

Zuwena


Harrow, 22 Julai 2024

Sheikha,

Yamekwisha, alhamdulillahi. Mtoto wangu yuko kwake. Bado nyumba inanukia udi na miguu inaniuma, lakini nimelala usingizi ambao sikuupata tangu kifo cha baba yake.

Nitasema kwanza zuri. Thuwaiba alipendeza mpaka watu wa upande wa pili walisimama. Hakuna aliyenong'ona kitu. Tumesitirika.

Sasa la Ghalia, maana nimesikia uliondoka naye kabla ya chakula, ukaniacha nijibu maswali. Sinia alilibeba, sawa. Lakini wenzake walipokata kona kwenda jukwaani, yeye alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye nguzo, akasimama pale, akaipa nguzo tabasamu. Wapiga picha wameinasa. Ulipompokea sinia na kumgeuza, alipiga makofi wakati wengine wamekwishaacha. Bibi harusi alimwita, "Ghalia, njoo unibusu," akaenda kumbusu Komal, mpambaji, aliyekuwa amesimama kando. Watu walidhani ni mzaha wa kitoto. Mimi nilijua ni kiburi, kwa sababu ya ule mfinyo.

Sasa uko huru. Mpeleke huko kwenye mashine zenu, mpeleke mpaka uridhike. Sijawahi kusema usimpeleke. Nilisema usubiri.

Zuwena


Harrow, 16 Septemba 2024

Sheikha,

Karibu miezi miwili hujajibu. Simu hupokei. Nimelazimika kumtoa Talib maneno kwa koleo, na anachosema kimenihuzunisha. Ati jicho la kulia limekwenda na la kushoto linapiganiwa.

Ni kudra ya Mungu. Kilichoandikwa kingetokea hata ungempeleka kila siku. Wewe ni Muislamu, unajua hivyo. Kwa hiyo usimwambie mtu kwamba kuna miadi iliyokosekana, wala kwa sababu gani. Ukiulizwa sema mtoto alianguka akiwa anacheza. Watu wanaelewa kuanguka.

Ila kuna neno ninalotaka unielewe bila hasira. Thuwaiba ni mjamzito. Tumbo ni changa, na ana kichefuchefu, na unajua ya wazee wetu: mjamzito asikitazame kilema mpaka kikamwingia moyoni. Sisemi Ghalia ni kilema. Nasema jicho lake, Talib anasema limekuwa na ukungu mweupe. Kwa hiyo msije Harrow kwa sasa. Hata maulidi ya mwezi huu msije. Ukimleta, mvike miwani myeusi, akae chumba cha nyuma. Akishazaa salama tutaona.

Nimempelekea Ghalia mdoli. Mwambie umetoka kwa dada Thuwaiba.

Zuwena


Thornton Heath, 24 Septemba 2024

Zuwena,

Leo sikuamkii.

Usiogope, hatuji Harrow. Talib ndiye anayekuja. Nimemfungia nguo zake, na sanduku litafika pamoja naye. Mpikie, mlaze, umlee tena, kwa sababu hukuimaliza ile kazi. Pasi ya Ghalia ameitoa mbele ya watu wa ustawi wa watoto, na sasa hawezi kumsafirisha popote bila hakimu kuruhusu.

Ndiyo, nimesema. Waliponihoji mara ya kwanza nilisema nilisahau miadi. Niliubeba mzigo wote, nikajiita mama mzembe, wakaandika. Nilifikiri nikiwasitiri ninyi nitabaki na ndugu. Kisha ikaja barua yako ya chumba cha nyuma. Mara ya pili nikasema mambo yote, nikakutaja jina, nikamtaja Talib, na nikajitaja mwenyewe, maana simu ya kuahirisha niliipiga kwa mkono wangu na jibu nililifundisha kwa mdomo wangu. Wanaweza wakaninyang'anya mtoto. Sijui bado. Nimekaa nikingoja waamue, na sitasema kwamba sistahili.

Nimeuliza pia kuhusu Bi Salma. Hayupo kliniki ya macho. Aliacha kazi hapo tangu kabla ya posa, yuko kwa mwanawe Leeds. Ulikuwa unaogopa kiti kitupu, Zuwena, na hukuwahi hata kumpigia mtu simu ukauliza.

Unataka niwaambie watu mtoto alianguka. Basi wewe ujue lilivyokuwa, kwa sababu siku ile tulikuwa peke yetu mimi na yeye, na baba yake alibaki ndani ya gari.

Ilikuwa Jumanne, wiki moja baada ya barua yako ya harusi. Daktari wa macho, Bi Leena, mama mtulivu mwenye sauti ndogo, alimweka Ghalia kidevu kwenye mashine. Alimulika. Akamulika tena. Kisha akazima taa, na Noëlla, aliyekuwa amesimama mlangoni, akaja akanishika bega kabla sijaambiwa kitu. Uvimbe ulikuwa ndani kwa miezi. Mboni ya kulia imegandana, haina tena mduara. Mtoto wa jicho amefunga, na juu yake kuna utando wa chokaa. Jicho hilo linajua mwanga na giza, basi. La kushoto uvimbe upo, ila wamelikuta njiani. Sasa namtia matone kila saa ya mchana, na sindano imekuwa mbili, na kila mara anatoa mkono mwenyewe.

Niliuliza ingekuwaje kama tungekuja Februari. Daktari hakutaka kunijibu. Nilimlazimisha. Akasema pengine matone tu yangetosha.

Kisha akamgeukia Ghalia, akamuuliza kwa upole ni lini alianza kuona ukungu. Akamuuliza kama anaona mkono wake. Ghalia akasema, "Sijambo, alhamdulillahi." Daktari hakuelewa, akanitazama mimi nimtafsirie, na mimi nikatazama sakafu. Akauliza tena, na mtoto akarudia yale yale, kwa adabu, mikono juu ya mapaja. Daktari akadhani labda na masikio yana tatizo.

Noëlla ndiye aliyeinama akamwambia, "Hapa hakuna wageni, mutoto. Sema tu." Ghalia alinitafuta mimi kwa uso, akageuka upande ambao sikuwapo, mpaka nikamshika mkono. Akaniuliza kwa Kiingereza, polepole, daktari asisikie:

Harusi imekwisha kweli, mama? Sasa ninaweza kusema?

Noëlla akaniambia, "Mama, anakuuliza kitu. Umujibu."

Nikamwambia imekwisha. Akasema ukungu ulianza kabla ya Ramadhani. Akasema siku ya uturi hakuona mkono wa mtu yeyote. Akasema pale ukumbini alisikia watu wote wanasema dada Thuwaiba amependeza, akatafuta kitu cheupe akakitazama, na alijitahidi sana kutabasamu ili usimfinye. Aliendelea kusema, hakunyamaza, mpaka daktari akaweka kalamu chini.

Sheikha, mama yake Ghalia